Ubani wa Dhofar madukani Mombasa: muulize muuzaji umetoka upande gani wa mlima

Ukiingia maduka ya manukato ya Mji wa Kale, au ukipita kwa wauza viungo wa Marikiti, utaonyeshwa ubani wa namna tatu au nne, na karibu kila gunia utaambiwa ni hojari. Jina linauza. Lakini hojari lilikuwa jina la mahali kabla halijawa jina la ubora, na mahali penyewe ni nyuma ya mlima mmoja wa jangwani, kusini mwa Omani. Mnunuzi asiyeujua mlima huo hana njia ya kujua analipia nini, ndiyo maana tathmini hii ya ubani unaouzwa Mombasa inaanzia mbali na kaunta.

Kwa mwenye haraka, hukumu yetu ni hii. Kwa chetezo cha kila siku usilipie hojari. Shazri safi, yaani ubani wa milimani Dhofar, au beeyo, ubani wa Kisomali wa kufukizia, inatosha na kubaki. Hojari nunua kidogo, ya kutafuna na ya siku ya shughuli. Maydi, ubani wa pili wa Kisomali, ni wa kutafuna tu, usiuchome kwa kutarajia harufu ya ubani wa Kiarabu. Ubani wa kaskazini mwa Kenya, ule mweusi unaowekwa pembeni kama takataka, unastahili heshima kuliko unayopewa. Na chochote kilichofungwa usichoruhusiwa kukinusa, kiache hapo hapo.

Sasa mlima. Dhofar ni mkoa wa kusini kabisa wa Omani, umepakana na Yemeni, na mji wake mkuu ni Salalah. Nyuma ya uwanda mwembamba wa pwani imesimama milima mitatu iliyoshikana kama ukuta: Jabal Qamar magharibi, Jabal Qara katikati, na Jabal Samhan mashariki, ambao ndio mrefu kuliko yote. Kusini ya ukuta huo ni bahari. Kaskazini yake nchi inateremka polepole na kuwa nyanda kavu za mawe ziitwazo Najd, kisha mbele huko unaanza mchanga wa Rub' al Khali.

Upepo unaofanya kazi pale mtu wa Mombasa anaujua, maana ni kusi letu hili hili. Kusi linalotuvumia tangu Aprili, linalochafua bahari Juni na Julai mpaka ngalawa zikabaki ufuoni, likivuka ikweta linapinda kuelekea kaskazini mashariki na kupita sambamba na pwani ya Dhofar. Hapo linayasukuma maji ya juu yatoke ufuoni, na maji baridi ya chini yanapanda kujaza nafasi. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo inageuka ukungu, na ukungu unasukumwa hadi milimani. Kuuvuka mlima hauwezi. Juu yake imelala hewa ya moto na kavu itokayo jangwani, kama mfuniko juu ya sufuria. Basi unabaki umebanwa kwenye miteremko inayotazama bahari, tangu mwisho wa Juni hadi katikati ya Septemba, ukidondosha manyunyu usiku na mchana. Wenyewe wanauita msimu huo khareef.

Matokeo yake ni mlima wenye sura mbili. Upande wa bahari ni kijani kitupu: msitu wa miti ambayo jamii yake kubwa, Anogeissus dhofarica, haipatikani popote duniani isipokuwa Dhofar na sehemu ya Yemeni iliyopakana nayo, na malisho yanayotosha kufuga ng'ombe, jambo adimu Arabuni. Wenyeji wa huko juu wana lugha yao, Kijibbali, ambayo si lahaja ya Kiarabu. Ni lugha ya Kisemiti inayosimama peke yake, nduguye Kimahra. Zamani waliishi katika vibanda vya mviringo vya mawe vilivyoezekwa kwa nyasi, na ngamia, ng'ombe na mbuzi wao waliteremshwa na kupandishwa kwa kufuata ukungu. Kwenye magenge makavu ya Jabal Samhan bado yupo chui wa Arabuni, na sehemu hiyo imekuwa hifadhi tangu 1997.

Ukivuka kilele tu, kijani kinakatika. Ndani ya kilomita chache umetoka kwenye nyasi zinazofika magotini ukaingia kwenye mawe meupe ya chokaa yasiyo na kivuli. Hapo ndipo penye mubani, Boswellia sacra. Ni mti mfupi, mara nyingi wenye mashina kadhaa yanayotoka chini pamoja, gome lake linabanduka kama karatasi, majani yamejikusanya kwenye ncha za matawi. Unaota penye mwamba, kwenye mabonde ambayo maji hupita mara chache kwa mwaka. Unaupenda ubaridi wa khareef unaopenya juu ya mlima, lakini haupendi kuloweshwa nayo. Ubani ukitoka mtini ni majimaji ya rangi ya maziwa. Unahitaji hewa kavu ili ugande ukiwa safi. Manyunyu yakiupata kabla haujakauka yanaiyeyusha gundi iliyomo na kuuchafua. Kwa hiyo mtu anayedhani ubani bora unatoka kwenye kijani kinachopigwa picha na watalii amekosea mlima mzima.

Majina ya madukani sasa yanasomeka. Sha'bi ni ubani wa pwani, chini ya mlima, karibu na bahari: mweusi mweusi, wenye vipande vya gome, na ndio wa chini kabisa. Shazri ni wa milimani, kwenye miteremko ya ndani. Najdi ni wa zile nyanda kavu za kaskazini. Hojari ni wa upande wa mashariki, nyuma ya Jabal Samhan, penye ukavu kuliko kote. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe la mahali. Mwenye kujua atakujibu bila kusita. Asiyejua atakuambia "huu ni namba moja", na hilo si jibu.

Kuna jambo la pili linaloamua ubora, nalo ni mkato wa ngapi. Kuanzia mwezi wa Aprili, joto linapopanda, mvunaji huenda kwenye miti na kijipatasi kifupi chenye mpini wa mti kiitwacho manqaf. Hachanji kwa ndani. Anaparua kipande kidogo cha gome la nje, lile la karatasi, mpaka aone nyama ya chini yake, na hapo hapo vitone vyeupe vinaanza kujitokeza kama jasho puani. Anaondoka. Baada ya wiki mbili hivi anarudi, anabandua kilichoganda na kuparua upya pale pale. Kilichotoka mara ya kwanza hakina thamani kubwa, na cha pili ni afadhali kidogo. Ubani mzuri huanza mkato wa tatu, na kazi huendelea miezi mitatu hivi hadi khareef inapokaribia. Akikata kwa pupa mpaka kwenye mbao, kidonda hakifungi, bungo wanaingia, na mti unaanza kufa kwa ndani. Mti usiopumzishwa nao hutoa punje ndogo zaidi kila mwaka, na mbegu zake huwa hafifu.

Tunalitaja hili kwa sababu linaonekana mezani Mombasa. Gunia lililojaa punje ndogo za rangi ya asali iliyoungua, zenye maganda, mara nyingi ni la mikato ya mwanzo, au la miti iliyochoshwa, hata kama limetoka mahali pazuri. Kwa ubani wa Ethiopia, Eritrea na Sudan, unaotoka kwa jamii nyingine iitwayo Boswellia papyrifera, utafiti uliochapishwa 2019 ulikadiria kwamba mavuno yatapungua kwa nusu ndani ya miaka 20, kwa kuwa miti michanga haikui: mifugo na moto vinaimaliza kabla haijafika kimo. Dhofar nako ngamia na mbuzi hula chipukizi. Nunua kidogo, kilicho kizuri.

Historia yake ni ndefu kuliko nafasi tuliyo nayo. Bandari ya Sumhuram pale Khor Rori, mji wa Al-Baleed, kituo cha jangwani cha Shisr na bonde la mibani la Wadi Dawkah, kama kilomita 40 kaskazini ya Salalah, viliingizwa pamoja katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco mwaka 2000. Kwetu pwani inatosha kukumbuka kwamba msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa katika karne ya 14, alipoondoka Kilwa alivuka bahari hadi Dhofar. Njia hiyo ilipitwa na majahazi mpaka juzi juzi: kaskazi likileta, kusi likirudisha. Ndiyo maana ubani haukubaki bidhaa tu kwetu. Mzazi hufukizwa, nguo za harusi hufukizwa, maulidi hayasomwi chetezo kikiwa baridi, na hata mchango unaopelekewa wafiwa tunauita ubani. Na mtu akitafuta jambo kwa bidii zote husemwa analitafuta kwa udi na uvumba.

Turudi kaunta. Omba punje moja ya hojari, ishike kati ya vidole viwili, uielekeze mlangoni kwenye mwanga. Nje inaonekana kama imepakwa unga; huo unga ni punje zilivyosuguana njiani, si ukungu wa kuoza, na haupunguzi kitu. Lambisha kidole mate, uifute. Sasa ndani unaona rangi ya maziwa yenye kijani cha mbali, kama kioo kilichopulizwa pumzi, na mwanga unapita bila kukutana na doa jeusi. Ivunje. Pasuko liwe na mng'aro, na harufu itoke pale pale: ndimu kwanza, kisha kitu kama majani ya msonobari, na mwisho utamu wa mbali. Ukivunja usipate harufu, ubani huo ni wa zamani. Mafuta yake yamekwenda na hewa, na hata ukiuchoma utapata moshi zaidi ya manukato.

Kijani na cheupe ndizo rangi zinazopendwa Omani kwenyewe, na bei inafuata. Tatizo ni kwamba rangi inaweza kutiwa. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua punje kwa nguvu. Kitambaa kikishika kijani, rangi ni ya kopo. Rangi ya kweli iko ndani ya utomvu, haihami. Tahadhari vilevile na gunia lenye punje kubwa za kupendeza juu. Tia mkono hadi kati, utoe konzi kutoka chini. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Kizuri chajiuza.

Shazri nayo ni ya manjano hadi kahawia ya asali, punje zake hazina umbo moja, na baadhi zimeshika gome. Usiidharau. Kwenye makaa harufu yake ni nzito na inadumu kuliko ya hojari, ambayo ni nyepesi na hupaa mapema. Kwa kufukiza kanzu na mashuka, au kuondoa harufu ya samaki jikoni, sisi tunaipa shazri nafasi ya kwanza bila kusitasita. Sha'bi inafaa kufukiza uani na chooni, na bei yake iwe ya kazi hiyo.

Ubani wa Kisomali unatoka kwenye milima mingine inayofanana kwa tabia: Golis na Cal Madow, kaskazini ya Somalia, ukuta wa chokaa unaotazama Ghuba ya Aden. Kilele cha huko, Shimbiris, kinapita mita 2,400, na juu kabisa ukungu unalisha mireteni, ilhali chini yake magenge ni makavu kama mfupa. Kuna mibani miwili huko. Mmoja ni Boswellia carteri, ambao wataalamu wengi sasa wanauhesabu kuwa jamii moja na ule wa Dhofar. Utomvu wake ndio beeyo. Ukipata beeyo iliyochambuliwa vizuri, pua nyingi hazitaitofautisha na shazri, na mara nyingi ni nafuu. Kuchambua huko ni kazi ya wanawake, wanaokaa chini siku nzima wakitenga punje kwa ukubwa na rangi. Ukiona punje zote zimelingana, ujue mkono wa mtu umepita hapo, na sehemu ya bei ni ujira wake.

Mti wa pili, Boswellia frereana, ndio unaotoa maydi. Huu hushika mwamba wima kwa kitako kilichovimba kama sahani iliyogandishwa ukutani, na wavunaji huufikia kwa kupanda, penginepo kwa kamba. Punje zake ni kubwa, ndefu, za manjano safi, na mezani huonekana za kifahari kuliko hojari. Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Maydi ni ubani wa kutafuna: unalainika mdomoni, hauna uchungu mwingi, na meno hayachoki. Ukiuchoma unatoa harufu nzuri ya ndimu, lakini haina uzito ule wa kujaza nyumba. Aliyeuziwa maydi kwa jina la hojari ya kufukizia atalalamika kwamba ubani siku hizi hauna nguvu, na kosa si la ubani.

Na wa kwetu? Huku Samburu, Isiolo, Marsabit na Wajir, kwenye nchi kavu ya chini ya milima, kuna Boswellia neglecta. Huo kwa kawaida haukatwi: utomvu hutoka wenyewe pale gome lilipotobolewa na wadudu au kupasuka, na huokotwa na wafugaji, wengi wao wanawake, wakiwa malishoni. Ndiyo maana huja mweusi, umechanganyika na gome na mchanga. Uchambue, utupe vijiti, na uchome kidogo juu ya makaa yaliyopoa: harufu yake ni ya mti mkavu na moshi mtamu, haifanani na ndimu ya Dhofar hata kidogo, lakini inakaa kwenye pazia hadi kesho yake. Kosa lake ni uchafu tu. Kutafuna usiutafune, mchanga utakukwaruza meno. Pembeni yake mara nyingi huuzwa manemane, mekundu meusi na machungu, ambayo ni ya mti tofauti kabisa. Muuzaji akikuchanganyia viwili hivi kwenye mfuko mmoja, mwambie avitenge.

Sasa udanganyifu. Kinachochanganywa sana na ubani ni utomvu wa msonobari, gundi ya migunga na sandarusi. Utomvu wa msonobari ndio hatari zaidi kwa pua, kwa sababu ubani wa Dhofar wenyewe una harufu ya msonobari kwa asili. Usitegemee pua peke yake. Chukua glasi ya maji vuguvugu, tia punje mbili za ukubwa wa dengu, acha usiku kucha. Ubani wa Dhofar na beeyo vina gundi kama robo hivi ya uzito wake: maji yatageuka meupe kama tui jepesi, na chini itabaki punje laini isiyoyeyuka. Utomvu wa msonobari utakaa vile vile na maji yatabaki maangavu. Gundi ya migunga itayeyuka yote, maji yakawa mazito ya kunata. Lakini angalia: maydi karibu hauna gundi, kwa hiyo nao hautafanya maji meupe. Usimtukane muuzaji wa maydi kwa sababu ya glasi.

Meno nayo ni shahidi. Punje ya ubani halisi ukiitafuna husagika kwanza kama chaki, ukae nayo kidogo, kisha hujikusanya na kuwa laini, nyeupe, ya kuvutika. Utomvu wa msonobari husagika na kubaki unga unaonata kwenye meno, wenye ladha ya tapentaini, uteme. Sandarusi ni ngumu kama kioo na haina ladha. Kwenye makaa, ubani huyeyuka, hutokota, hutoa moshi mweupe na kuacha masizi meusi yenye povu. Gundi haiyeyuki, inavimba na kunuka mkate ulioungua.

Kwa kutafuna, au kwa wanaokunywa maji ya kulowekea, nunua hojari au maydi safi tu, uoshe kwanza, na usizidishe punje mbili tatu kwa glasi. Mjamzito, na mwenye kutumia dawa za daktari, aulize hospitali kabla.

Mizani. Ubani huuzwa kwa kilo na robo, tofauti na udi na mafuta mazuri yanayopimwa kwa tola, ambayo ni takriban gramu 11.7. Muuzaji akianza kukupimia ubani wa kawaida kwa tola, piga hesabu ya kilo kichwani kabla ya kukubali. Omba uchekechwe kabla ya kupimwa. Chini ya kila gunia kuna chenga na vumbi, na vikipimwa pamoja unalipia bei ya punje. Chenga zenyewe si za kutupa: ni nafuu, na kwa anayepika udi wa nyumbani kwa sukari ndizo zinazofaa, maana zimeshasagika. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, ubani mwingi hufungwa kwa kaki, na karatasi hunywa mafuta. Ukifika nyumbani uhamishe siku hiyo hiyo kwenye chupa ya kioo au kopo la bati lenye mfuniko wa kubana.

Joto la Mombasa lina desturi ya kuugandanisha. Baada ya miezi michache karibu na dirisha la jua, kilo nzima inaweza kuwa donge moja. Usilipige na mchi likiwa na joto, litanata kwenye kinu na kinu hakitasafishika. Litie friji nusu saa, au friza dakika 15, kisha ligonge mara moja kwa mgongo wa kisu: litapasuka kama sukari guru kavu. Hivyo hivyo kwa kusaga. Na usiuweke kabati moja na karafuu au udi, maana utachukua harufu zao na hutaweza kuitoa.

Kufukiza kwenyewe, kosa kubwa ni moto mkali. Ubani ukitupwa juu ya kaa jekundu unaungua kabla haujanukia, moshi unakuwa mchungu wa kuchoma macho, na watu wanasema ubani mbaya. Tia majivu au mchanga mkavu kwenye chetezo, unene wa vidole viwili. Bila hiyo chetezo cha udongo kitapasuka kitako. Washa makaa, ya vifuu ndiyo bora kwa kuwa hayarushi cheche nyingi, na ungoje mpaka yavae majivu meupe kote. Vile vidonge vyeusi vya makaa ya dukani vinavyowaka haraka vina shura. Ukivitumia ngoja mpaka viache kuchemka cheche na harufu yake iishe, la sivyo unafukiza shura. Juu ya kaa nyunyiza majivu kidogo, kisha weka punje mbili au tatu za ukubwa wa dengu, si zaidi. Ndani ya dakika moja utaona punje ikitoa jasho, halafu uzi mwembamba wa moshi. Dakika tano hivi baadaye inaanza kuwa nyeusi. Iondoe kwa kijiko kabla haijaungua ndipo uongeze nyingine. Dirisha moja liwe wazi, hasa penye mtoto mchanga au mwenye pumu, maana makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari hata bila ubani.

Masizi yaliyoganda kwenye ukingo wa chetezo hayatoki kwa maji, hata yawe ya moto. Yakwangue kwa mgongo wa kisu chetezo kikiwa bado vuguvugu, kisha ukipakae mafuta ya nazi na kukifuta kwa kitambaa kikavu. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayotoa ubani ulionata vidoleni.